Nguvu za Mwanamke
Wako wasemao kuwa mwanamke kuinua vyuma hata misuli yake ikakaza ni kujifananisha na wanaume. Lakini achukuapo mtungi wa maji kichwani, au mzigo wa kuni, hapana amkatazaye. Basi kinachochukiwa si nguvu zake, bali ni kuzitafuta kwa ajili ya nafsi yake. Muumini mwenye nguvu amesifiwa na Mtume (S.A.W.), wala mwanamke hakutolewa. Mifupa yake hudhoofika akomapo hedhi, na kuinua vitu vizito huitia nguvu. Sharti ni sitara: mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, Sara Ahmed wa Misri aliinua jumla ya kilo 255 naye amevaa hijabu, akapata nishani ya shaba. Mume amtakaye mkewe awe dhaifu na ajue kuwa uzeeni ni yeye atakayemwuguza.