Samaki Ndani ya Samaki

JUMANNE

Soma Luka 12:13–21. Mavuno ya yule tajiri yalikuwa halali. Je, alikosea wapi?

Katika makumbusho ya Sternberg mjini Hays, Kansas, nchini Marekani, kuna mifupa iliyogeuka mawe ya samaki wa baharini aitwaye Xiphactinus, ambaye jamii yake ilikwisha kutoweka. Urefu wake wapita mita 4. George F. Sternberg alimchimbua mwaka 1952, na ndani ya mbavu zake kulikuwa na samaki mwingine, Gillicus, wa karibu mita 2, kamili tangu kichwa hadi mkia. Kwa kuwa tumbo halikuwa limemsaga, wataalamu hudhani kwamba yule mkubwa alikufa mara baada ya kummeza, huenda kwa kuumizwa ndani na windo lililokuwa likipapatika.

Samaki alifuata njaa yake, hatuwezi kumhukumu. Lakini mwanadamu amepewa dhamiri. Tajiri huyu hatajwi kuwa mwizi. Aliuliza tu ataweka wapi mavuno yake, asiulize ni nani jirani yake aliyelala njaa. Usiku uleule alidaiwa roho yake, na ghala zake hazikuweza kumwongezea hata saa moja.

Nasi twaweza kumeza jambo jema, kama kazi, shamba au biashara, hadi isibaki nafasi ya sala wala ya jirani.

Ni jambo gani jema linalokujaza kupita kiasi? Juma hili utampunguzia nani sehemu yake?