Hekima ya Kutazama



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za hekima ya Sulemani. Mfalme huyo hakujua kuamua mashauri tu. Aliweza pia kueleza miti na samaki, ndege na hata viumbe vitambaavyo. Basi kuvijua viumbe ni sehemu ya hekima ambayo Mungu humpa mtu.

Mwaka 1926 Mwingereza Arthur Loveridge alizunguka milima ya Uluguru na Usambara akikusanya nyoka, mijusi na vinyonga kwa ajili ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1928 Reginald Moreau alifika Amani, na pamoja na mkewe, Winifred, akachunguza ndege kwa miaka mingi: mayai huatamiwa siku ngapi, makinda hulishwa mara ngapi. Ndege mmoja mdogo wa huko, mwenye mdomo mrefu, ana jina la Moreau mpaka leo. Wageni hao walitegemea sana macho ya wenyeji, walioujua msitu tangu utoto.

Je, sisi tunatazama? Tukimwona kinyonga njiani, mara twaokota jiwe. Kinyonga hana sumu. Twamwua kwa sababu twamwogopa, na twamwogopa kwa sababu hatumjui. Nyoka wengine ni wa hatari kweli, na ni vema kuwaonya watoto. Lakini tahadhari ni jambo moja, na chuki ni jambo jingine.

Tena, mkono uliozoea kumpiga asiyejulikana hauishii kwa kinyonga. Mgeni akihamia kijijini, au jirani akiwa na desturi tusizozielewa, twampiga kwa ulimi kabla hatujaketi naye hata mara moja.

Mungu alimletea Adamu wanyama ili awape majina. Nani awezaye kumpa mwenzake jina pasipo kumtazama kwanza? Wako vinyonga wa Usambara wasiopatikana penginepo duniani. Msitu wao ukiisha, nao wamekwisha, na sisi tutaulizwa habari zao.

Basi juma hili tusimame kidogo chini ya mti mmoja, pamoja na watoto wetu, tutazame kimya. Kisha tumtembelee jirani mmoja tuliyemwogopa bure. Bwana atufumbue macho. Amin.