Hongo, kabla haijawa rushwa

Treni ya SGR ikiipita Kilosa kwenda Dodoma inaingia kwenye mahandaki, inatoka, na kabla hujamaliza soda yako milima imeshabaki nyuma. Septemba 1857 mambo yalikuwa mengine. Richard Burton na John Hanning Speke waliivuka milima ya Rubeho kwa miguu, wote wawili wagonjwa wa homa, Speke akishikiliwa na watu ili asianguke. Burton aliibatiza njia ile jina la kutisha kwa Kiingereza. Wenyeji walikuwa na jina lao siku nyingi, Rubeho, na ndani yake mna upepo na baridi.

Mimi Burton na homa yake hawanishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni kile kilichokuwa kinawasubiri chini, upande wa pili.

Rubeho ni sehemu ya Tao la Mashariki, ile safu ya milima ya kale inayopokea mawingu kutoka Bahari ya Hindi. Juu kuna misitu yenye ukungu, na humo anaishi kwale wa Rubeho, ndege asiyepatikana kwingine duniani. (Ndugu yake wa Udzungwa alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1991 baada ya watafiti kuona miguu ya ajabu ndani ya sufuria kambini. Aliyekuwa anapika, bila shaka, alishamjua.) Lakini mlima ukishachukua mvua, wa nyuma yake anabaki na upepo mkavu. Ndiyo maana Dodoma, mwaka mzima, inapata milimita kama 500 au 600 tu. Msafara ulioshuka Rubeho ulifika Ugogi, kisha ukakabili Marenga Mkali, nyika ambayo jina lake lenyewe linalalamikia maji. Hapo wapagazi walitelekeza: walitembea hadi jioni, wakalala pasipo maji, alfajiri wakaondoka tena. Baada ya hapo ndipo ukafika Ugogo, kwenye visima. Na kwenye visima kulikuwa na wenye visima.

Hao walidai hongo. Merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba. Kila mtemi kwa eneo lake, kila mmoja kwa bei yake. Ukisoma vitabu vya wasafiri wa wakati huo utadhani Wagogo walikuwa majambazi wa barabarani. Lakini hebu jiweke upande wa mwenye kisima. Wamekuja watu mia kadhaa, wana kiu, wana bunduki, wanataka kunywa na kununua mtama katika nchi ambayo mvua ikikosea mwaka mmoja watu wanakufa njaa. Wakiondoka, kisima ni matope. Unawadai kitu. Hilo ni kosa gani?

Leo lakini, hongo maana yake ni rushwa. Ni bahasha, ni "ya chai", ni kunong'onezana pembeni. Wakati wa misafara neno lilikuwa na maana nyingine pia, nayo ilikuwa nzito: ushuru wa kupita nchi ya mtu. Naona katika kuhama huko lugha yetu imerithi manung'uniko ya mpita njia na kumsahau mwenye maji. Tumekuwa tunasimulia safari zile tukiwa tumesimama upande wa mzigo.

Mtu atasema: si wanafanana tu, wote wanachukua cha mtu? Hapana. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kinataja, katika nchi za mbele zaidi magharibi, ngoma iliyopigwa hongo ikishakubaliwa. Fikiria hilo. Malipo yanatangazwa, kijiji kizima kinajua kwamba wageni wamelipa na sasa wasiguswe. Ngoma ile ilikuwa risiti. Anayekula rushwa leo hapigi ngoma. Anakwambia zima simu kwanza. Dereva wa Fuso aliyesimamishwa kwenye geti la ushuru wa mazao anaijua tofauti hii vizuri kuliko mwanafalsafa yeyote, ndiyo maana kitu cha kwanza anachouliza ni risiti iko wapi.

Ningependa kuishia hapo, Wagogo wakiwa wamesafishwa jina, lakini haitakuwa haki. Kutoza hadharani kunaondoa wizi. Hakuondoi swali la kinachopitishwa. Njia ile haikupitisha wapelelezi wa Kizungu na wapagazi wa Kinyamwezi tu, vijana waliokwenda pwani kwa ujira na kurudi wakijiona wanaume kamili. Kwa njia hiyo hiyo, kutoka bara, zilishuka pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Nao walifika kwenye visima vya Ugogo na kiu yao, na nao walipaswa kupandishwa Rubeho kabla ya kuiona pwani.

Ukiwa mwenye njia unaweza kusema mzigo si wako, wewe ni maji tu unayouza. Sioni jinsi hoja hiyo inavyosimama. Aliyekaa mlangoni, mwenye uwezo wa kuzuia msafara siku tatu kwa sababu ya doti chache za kitambaa, alikuwa pia na uwezo wa kuuliza wale wa nyuma, wa kwenye mnyororo, ni nani na wanapelekwa wapi. Doti zilihesabiwa moja moja. Watu wale walikuwa wamesimama hapo hapo juani, wanaonekana.