Je, Sinema Yaweza Kumsingizia Marehemu?

Kiswahili cha Kasongo kililetwa na misafara iliyotoka Unguja. Kisiwani humo alizaliwa, mwaka 1946, Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa roki. Mwaka 2018 maisha yake yalitolewa katika sinema iitwayo Bohemian Rhapsody. Humo awaambia wenzake kwamba ana ukimwi, kisha aimba mbele ya umati wa London, Julai 1985. Watazamaji hulia. Lakini kwa ushuhuda wa aliyeishi naye, ugonjwa ulijulikana mwaka 1987.

Amri ya nane yakataza ushuhuda wa uongo. Watasema: hata Bwana Yesu alitunga mifano. Naam, lakini mwana mpotevu hakupewa jina. Mzee wa Kabambare asimuliaye habari za marehemu matangani aweza kunyamazia jambo kwa heshima. Kuzigeuza siku zake ni kitu kingine.

Tena aliyepunjwa ni marehemu mwenyewe. Mwaka 1985 aliimba bila kujua. Ushujaa ulikuja baadaye, alipojua, akazidi kurekodi nyimbo hata mwaka 1991, mwaka wa kufa kwake. Miaka hiyo sinema haikuionyesha; ilikomea kwenye shangwe za London.