Uzuri wa Nyumba na Haki ya Aliyeijenga

Katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, upo mtaa wa kale, kusini ya barabara ya Broad, ambao nyingi katika nyumba zake zina upana wa chumba kimoja tu, zikaielekezea barabara upande wake mwembamba, na baraza zake za ghorofa zikakabili kusini au magharibi ili ziupokee upepo wa bahari. Baada ya zilzala kuu ya mwaka 1886 kuta nyingi zilikazwa kwa vyuma vilivyopenya toka ubavu hadi ubavu. Na mwaka 1931 mji ukatunga sheria, ya kwanza nchini humo, ya kuulinda mtaa mzima wa kale.

Azitazamaye nyumba hizi hana budi kuzistaajabia. Lakini mtu mwenye insafu hatakomea hapo. Matofali ya mji huo yalifinyangwa na watumwa, na hata leo baadhi yake yana alama za vidole vyao, vya watoto wadogo vikiwemo. Na uani mwa jumba la Aiken-Rhett, lililojengwa mwaka 1820, vingalipo vyumba walimolala. Je, uzuri uliozaliwa na dhulma ni halali kufurahiwa?

Wapo wasemao kwamba jiwe halina dhambi, na kwamba dhalimu na madhulumu wote wamekwisha kwenda mbele ya Hakimu wa haki. Kauli hiyo si batili, wala kuzibomoa kuta hakutamrudishia marehemu ujira wake. Walakini sharia yatufunza kwamba mirathi haigawanywi mpaka madeni ya maiti yalipwe. Basi arithiye fahari ya nyumba asimkiri aliyeijenga, amekula mali na kulificha deni. Na deni hilo si la jasho peke yake, kwani waashi, maseremala na wahunzi wale walitoa pia akili na ustadi, ambao sifa yake ilitwaliwa na bwana.

Kwa hiyo uzuri huo haukuharimishwa, bali umewekewa sharti. Kila ahifadhiye nyumba ya kale, na ahifadhi pamoja nayo habari za fundi wake, awape wazao wa fundi huyo fungu katika faida iletwayo na wageni. Maana kuulinda ukuta na kumsahau aliyeujenga ni kuiendeleza dhulma ile ile.