Msiiendeshe kavu

Wanangu, pikipiki ya theluji ikikosa theluji hujila yenyewe. Nasema nanyi mliokulia huku Minnesota, ambao wazazi wenu walitoka Kisii, Bukavu au Tanga, na ambao siku hizi mnanunua mashine kuukuu na kukimbilia kaskazini kila mwisho wa wiki. Sina neno na furaha yenu. Jimbo hili lina njia za pikipiki za theluji zipatazo maili 22,000, nyingi zikitunzwa na vilabu vya watu wanaojitolea, na kijana kuzipenda si kosa. Ninachokihofia ni ile desturi ya kuwasha, kubana mafuta kwa kidole gumba na kuondoka bila kuinama kutazama chini. Nimezitengeneza mashine hizi miaka mingi, na nawaambieni kwamba habari zote ziko chini.

Ndani ya ule mkanda mpana wa mpira kuna reli mbili za alumini. Alumini haigusani na mkanda. Kila reli imevalishwa utepe wa plastiki ngumu, ambao mafundi wa huku huuita haifaksi, na vibana vya chuma vilivyopigwa kwenye mkanda hupita vikiteleza juu ya plastiki hiyo. Haifaksi ni kandambili ya mashine: imewekwa ili iishe yenyewe, mguu ubaki salama. Kumbukeni pia kwamba mkanda unaokanyaga chini umelala pale pale, na reli ndiyo inayopita juu yake. Ukienda kilomita 80 kwa saa, plastiki inaburutwa juu ya chuma mita 22 kila sekunde, huku ikibeba sehemu kubwa ya uzito wa mashine na wako wewe uliyeikalia.

Kinachoiokoa ni theluji peke yake. Chembe zinazorushwa na mkanda huingia kati ya kibana na plastiki, huyeyuka kwa msuguano, na kuwa utando mwembamba wa maji unaolainisha na kupoza kwa pamoja. Hakuna grisi pale, hakuna oili, wala hapakukusudiwa kuwapo. Ondoa theluji, joto linapanda mara moja. Plastiki hii ni ya jamii ya polithini, imara mno kuliko ile ya mifuko, lakini ikifika nyuzi joto 130 za Selsiasi hivi nayo huyeyuka. Kinachowachanganya vijana ni kwamba nje kuna baridi ya kukata masikio. Wanadhani kitu hakiwezi kuungua katika hali hiyo. Kinaungua.

Wapi inaungua? Kwenye barafu tupu ya ziwa, upepo ulipoifagia theluji yote. Kwenye njia iliyoshindiliwa na mamia ya mashine mpaka ikawa ngumu kama saruji. Kwenye ukingo wa barabara wenye changarawe, na kwenye lami ya kituo cha mafuta ambako wengine hupenda kuonyeshana mbio. Lami nasema waziwazi: msibane mafuta kwa nguvu pale. Barabara inavukwa kwa kukatiza moja kwa moja, polepole, kisha unarudi kwenye theluji.

Na theluji yenyewe haiji tena kwa mazoea. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota, na njia nyingi zilikaa wazi kwa siku chache mno au hazikufunguliwa kabisa. Watu walikuwa na hamu, wakaendesha juu ya vumbi jeupe lisilofunika hata majani. Karakana zikajaa reli zilizoliwa. Wazee waliozoea theluji ya magotini waliweza kusahau haifaksi msimu mzima. Ninyi hamna nafasi hiyo.

Sikilizeni sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Mashine inayopozwa kwa maji ina rejeta zake chini ya kiti, juu ya mkanda, nazo hupozwa na theluji ile ile inayorushwa. Theluji ikikosekana, injini inapata joto na taa nyekundu inawaka. Taa hiyo imeokoa reli nyingi, kwa sababu dereva husimama akiihofia injini. Lakini mashine nyingi za bei nafuu, zile mnazozinunua ninyi, hupozwa kwa feni. Feni inavuta hewa ya baridi, injini inakwenda kwa raha yake, hakuna taa itakayowaka, na huku chini plastiki inayeyuka. Haifaksi haina taa. Ina harufu: plastiki iliyoungua. Ina uzito pia. Mashine inaanza kuwa nzito kana kwamba breki imebanwa kidogo. Ukihisi mojawapo, punguza mwendo na utafute theluji laini uipitie taratibu. Usisimame ghafla juu ya barafu, kwa maana plastiki iliyoyeyuka na kung'ang'ania vibana hugandia hapo hapo, na ukitaka kuondoka mkanda unakataa.

Kinga ya kwanza ni vikwaruzo. Ni mikono miwili ya chuma chenye spring, ncha zake ngumu, inayofungwa kwenye reli na kuburutwa juu ya barafu ili ichimbue unga wa theluji na kuurushia mkanda. Kwa bei yake ndogo, sijaona kifaa kinacholipa kuliko hiki. Vishusheni kila njia inapokuwa ngumu, hata kama mwenzako anakwambia haina haja. Ila vingi vimetengenezwa kwa kwenda mbele tu: ukirudi nyuma bila kuvipandisha, vinapinda au kuvunjika. Nunueni vile vinavyokubali kurudi nyuma ikiwa mnajijua wasahaulifu.

Kinga ya pili ni magurudumu madogo yaliyo kwenye reli. Kazi yake ni kuinua mkanda kidogo ili plastiki isibebeshwe kila kitu. Kwa anayekimbia kwenye njia ngumu kila wiki, kuongeza jozi moja au mbili ni busara. Anayepanda milimani kwenye theluji ya kina hayahitaji. Yazungusheni kwa mkono kabla ya safari. Likikwaruza au likigoma, beringi imekufa, na mzigo wake wote umehamia kwenye haifaksi.

Halafu kuna mkanda wenyewe. Kijana akisikia mkanda ukipigapiga, jibu lake ni kukaza boliti za nyuma mpaka utulie. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hukandamiza vibana kwenye plastiki kila dakika, unakula nguvu ya injini na kuchosha beringi. Uliolegea nao huruka meno ya gurudumu linalouendesha. Kipimo kipo kwenye kitabu cha mashine yako: uzito wa kuning'iniza na kiasi mkanda unachopaswa kushuka. Kitafuteni kitabu hicho hata kama mashine mmeinunua kwa mtu wa nne. Ukimaliza kukaza, inua sehemu ya nyuma, zungusha mkanda taratibu, uangalie kama umekaa katikati ya reli zote mbili. Ukivutwa upande mmoja, haifaksi ya upande huo itakwisha ukingoni huku nyingine ikionekana mpya.

Unapokagua, usitazame sehemu ya nyuma tu kwa kuwa ndiyo rahisi kuonekana. Plastiki nyingi huliwa mapema pale mbele, reli inapopinda kwenda juu. Pitisha tochi humo. Hesabu vibana pia. Kilichopinda hukata plastiki kama kisu, na palipokosekana kibana majirani zake hubeba zaidi. Miongozo mingi huweka kikomo cha unene karibu milimita 10, na haifaksi nyingi zina mstari wa kuonyesha. Mstari ukifikiwa, badilisha zote mbili kwa pamoja. Unaondoa skrubu ya mbele, unaisukuma ya zamani itoke kupitia tundu la mkanda, unasafisha mfereji, unasugua makali ya alumini kwa tupa, kisha unaingiza mpya kwa maji ya sabuni. Hakikisha umbo lake ni la reli yako, maana yapo mengi yanayofanana. Safari ya kwanza iwe ya upole, kwenye theluji laini.

Asiyebadilisha kwa wakati, vibana vitafika kwenye alumini. Reli ikishaliwa hairudi, na bei yake haikaribiani kabisa na ya plastiki. Lakini fedha si hofu yangu kubwa. Hofu yangu ni kijana aliyeganda na mashine iliyokwama katikati ya ziwa kama Mille Lacs, giza likiingia, simu ikiishiwa chaji. Katika jimbo hili hili, mji wa Tower, tarehe 2 Februari 1996, baridi ilifika nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Usiku wa kawaida wa Januari kule kaskazini unaweza kufika 30 chini ya sifuri bila mtu yeyote kushangaa.

Basi ninawaomba, na mkitaka chukueni kuwa ni amri ya mzee wenu. Ijumaa jioni, kabla ya kupakia mashine kwenye trela, lala chini na tochi, pima plastiki mbele na nyuma, zungusha kila gurudumu, jaribu vikwaruzo. Ikiwa haifaksi imefika kwenye mstari, mashine ibaki nyumbani wiki hiyo.