Mzee wa Nyumba ya Pili

Picha ya sinema iitwayo St. Vincent ilitolewa Marekani mwaka 2014. Msomaji akisikia jina hilo huenda akadhani ni habari za Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, baba wa maskini, aliyefariki mwaka 1660. Sivyo. Vincent huyu ni mzee wa mtaa wa Sheepshead Bay, upande wa Brooklyn katika jiji la New York. Ni mlevi, mcheza kamari ya farasi, mwenye madeni na matusi mdomoni, na rafiki yake wa karibu ni mwanamke Mrusi anayejiuza mwili. Aliyemwigiza ni Bill Murray, mchekeshaji mashuhuri. Aliyeitunga picha na kuiongoza ni Theodore Melfi. Ni picha ya kuchekesha. Nasi tulicheka, twakiri. Kisha tukanyamaza, kwa kuwa yagusa jambo lililo letu sisi Wakatoliki, yaani ni nani astahiliye kuitwa mtakatifu.

Wazazi na waonywe kwanza. Picha hii haiwafai watoto wadogo, kwani maneno yake ni machafu na mambo ya aibu hayakufichwa. Papa Pio wa Kumi na Moja aliandika barua juu ya sinema mwaka 1936, na Papa Pio wa Kumi na Mbili akaandika nyingine mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni. Wote wawili waliwataka Wakristo wawe macho na kupima kile wanachoonyeshwa. Zamani mzazi aliweza kumzuia mtoto mlangoni pa ukumbi. Leo sinema huingia nyumbani kwa simu ya mkononi, na mlango wa kusimamia haupo. Basi mzazi aitazame yeye kwanza, ndipo aamue.

Kisa chenyewe ni hiki. Mvulana wa shule, jina lake Oliver, ahamia nyumba ya pili pamoja na mama yake, ambaye ndoa yake imevunjika. Mama afanya kazi hospitalini na hurudi amechelewa. Siku ya kwanza shuleni wavulana wakorofi wamnyang'anya mtoto simu na funguo, naye abaki nje, hana pa kuingia, hata abishe mlango wa jirani. Mzee amfungulia, lakini si kwa upendo: ataka alipwe kwa kila saa atakayomwangalia. Urafiki huu, basi, ulianza kama biashara. Tangu hapo mtoto aongozana na mzee kila aendako, na mzee haendi kanisani. Aenda baa, tena aenda kwenye mashindano ya farasi.

Kwetu babu na mjukuu kupatana si ajabu. Makabila mengi yameufanya utani wao kuwa desturi, na mtoto aweza kumwambia babu yake neno ambalo angemwambia baba yake angechapwa. Lakini hawa wawili si wa damu moja, wala hakuna mila iliyowaweka pamoja. Uhitaji tu wa mama mmoja ndio uliowakutanisha. Katika miji yetu pia wamo akina mama wa namna hiyo: wamepanga chumba mbali na wazee wao, na jioni hawana wa kumwachia mtoto ila jirani.

Siku moja mzee amchukua mtoto mpaka nyumba wanakotunzwa wagonjwa na wazee. Huko avaa koti jeupe la daktari, aingia chumbani na kumjulia hali mama mmoja mzee. Yule mama ni mkewe. Ugonjwa umemwondolea kumbukumbu, na mume hamtambui tena. Angekuja kama mume angekuwa mgeni kwake. Akija kama daktari apokewa. Kwa hiyo aja kama daktari. Nguo za mkewe azichukua, azifua kwa mikono yake, azirudisha safi. Hakuna wa kumsifu kwa hayo. Jirani wanaomwona akirudi usiku akiyumbayumba hawajui kwamba mchana alikuwa huko. Hatusemi kwamba uaminifu wake wa ndoa ulikuwa kamili, la hasha. Tumekwisha kutaja yule mwanamke Mrusi. Lakini ni wangapi kati yetu tungerudi tena na tena kumtembelea mtu asiyetujua?

Shule ya Oliver ni ya Kikatoliki, ingawa yeye mwenyewe si Mkatoliki. Bradha afundishaye darasa lake awapa wanafunzi kazi: kila mmoja amtafute mtu aliye hai ambaye sifa zake zafanana na za mtakatifu fulani. Mtoto amchagua mzee wa nyumba ya pili. Kisha aanza kuuliza watu habari zake, na hivyo apata kujua kwamba katika vita vya Vietnam, kwenye mapigano ya Ia Drang ya mwaka 1965, mzee huyu aliwaokoa wenzake.

Hapa yatupasa kukumbuka Kanisa lifanyavyo. Askofu hukusanya mashahidi, wale wa kumsifu Mtumishi wa Mungu na wale wa kumpinga. Kwa karne nyingi mjini Roma alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuleta pingamizi; watu wakampa jina la utani, mtetezi wa shetani. Taratibu hizo zilibadilishwa mwaka 1983. Oliver alizifanya kazi zote mbili peke yake. Aliposimama ukumbini mbele ya wazazi na walimu hakuanza na sifa. Alianza na ulevi, kamari, uongo na matusi ya rafiki yake, akayataja yote, ndipo akaendelea na mema. Naye alikuwa na sababu yake ya kulalamika, kwa maana mzee aliwahi kuzitwaa fedha walizomwekea mtoto benki, akazicheza kwenye farasi, zikapotea.

Mtakatifu aliyemlinganisha naye ni Wiliamu wa Rochester, msimamizi wa watoto waliolelewa na wasio wazazi wao. Na Oliver ni mtoto wa namna hiyo. Jambo hili halikubuniwa tu. Melfi alimchukua binti wa ndugu yake aliyefariki akamlea kama mwanawe, na binti huyo alipopewa shuleni kazi ya namna hiyo alimchagua Mtakatifu Wiliamu, na kwa upande wa walio hai akamchagua Melfi.

Je, Vincent ni mtakatifu? Sisi twasema hapana, si kwa maana ya Kanisa. Utakatifu si hesabu ya duka, mema kutoa dhambi, kisha kutazama kilichosalia. Ni neema ya Mungu, na njia yake yapita katika toba. Na juu ya toba picha hii hairefushi maneno. Hilo ni pungufu lake kubwa. Lakini Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba watu wote wameitwa kuwa watakatifu, na marehemu Papa Fransisko aliandika mwaka 2018 juu ya utakatifu wa watu wa kawaida, majirani zetu. Aitwaye bado yumo njiani. Mtoto aliona kwamba mzee ameitwa. Sisi wakubwa twaona tu umbali aliobakiza.

Tena Maandiko yanatuonyesha urafiki wa namna hii. Mzee Eli alikuwa na macho hafifu, na wanawe walimshinda kwa uovu. Hana angaliitazama nyumba ya Eli tu, angalimrudisha Samweli nyumbani. Lakini usiku ule mtoto alipoitwa asijue anaitwa na nani, Eli ndiye aliyeitambua sauti na kumfundisha jinsi ya kuitika.

Hayo hayampi mzazi ruhusa ya kufumba macho. Mama yake Oliver alikasirika alipojua mtoto wake alipelekwa wapi, na alikuwa na haki. Wako wazee wa kumdhuru mtoto, na asiyechunguza hujuta. Achunguze, aulize, aingie nyumba ile mwenyewe, kama Oliver alivyouliza.

Tangu mwaka 2021 Jumapili ya nne ya Julai imekuwa siku ya mababu na wazee katika Kanisa lote. Parokia huwakalisha wazee mbele, wamevaa vizuri, na ni jambo jema. Twauliza habari za yule asiyekuja, anayenuka pombe, ambaye watoto wamekatazwa kupita uani kwake. Ni nani atakayekwenda kumwuliza alikotoka?

Mwisho wa picha, majina ya waigizaji yanapopita, Vincent ameketi kwenye kiti uani pake. Mkononi ameshika mpira wa maji, amwagilia mmea mkavu katika ardhi isiyo na jani, huku akiufuatisha wimbo kwa sauti yake mbovu.